Kitanda cha Changarawe: Jumatano Sita

Msomaji wangu, kidole cha Fundi kiko palepale ulipokiacha wiki iliyopita, juu ya saini, kwenye daftari la zamu, ndani ya ofisi ya mabati iliyo kando ya Barabara Kuu. Wewe umekula, umelala, pengine umegombana na jirani na mkapatana. Yeye hajakitoa.

Saini ile hakuhitaji kuisoma. Ndiyo iliyokuwa chini ya ripoti zake zote za shule, herufi ya kwanza kubwa kupita kiasi na nyingine zimebanana nyuma yake zikigombea nafasi. Ilikuwa saini ya baba yake mzazi.

"Umeona mwenyewe," alisema karani wa zamu, dada aliyemfungulia kabati kwa kumwonea huruma, huku akijua kwamba bosi akirudi ghafla kibarua chake kitaota nyasi. "Tiki zote zipo. Hakuna wiki iliyorukwa. Pole, dada yangu. Nilitamani ukute kitu."

Fundi alikuwa amekuta kitu.

Wewe unayeingia leo, sogea hapa nikupe kwa ufupi, wengine watuvumilie. Barabara Kuu inatoka jiji la viwanda, inapanda milima, inapita mahandaki manne, halafu inashuka kilomita kumi na nane mfululizo hadi jiji la pili. Safari iliyokuwa ya siku mbili sasa ni ya saa sita. Wakubwa walikata utepe wakapigwa picha. Lakini kwenye mteremko huo breki za malori huchemka mpaka zinagoma. Ndiyo maana katikati ya mteremko pamechongwa njia fupi inayochepuka na kupanda kilima, ikajazwa changarawe ya mviringo, kina cha mita nzima. Lori lililokosa breki likiingia humo magurudumu yanazama, linasimama. Madereva wanapaita kitandani.

Na kitanda hutandikwa. Vumbi, oili na mvua huishikanisha changarawe ikawa ngumu kama sakafu. Kwa hiyo kila Jumatano, toka saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, mtu mmoja na trekta dogo lenye meno hutakiwa kuipindua yote, kisha aweke tiki na saini. Mtu huyo anaitwa Mzee Changarawe. Ndiye baba yake Fundi.

Wiki tano zilizopita, siku ya Ijumaa, lori la Taratibu, mume wa Fundi, liliingia kitandani humo. Halikuzama. Lilikimbia juu ya changarawe kama lililo kwenye lami, likaruka ukuta wa mwisho, likaangukia kona ya chini juu ya gari dogo lililobeba watoto wawili wa nyumba moja, kaka na dada. Wote watatu walikufa. Taratibu alipewa jina hilo kwa sababu wenzake walichoka kumsubiri njiani. Siku ya tatu magazeti yalimwita kichaa wa mwendo, na fununu za pombe zikafuata. Mtu akaandika MUUAJI kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mama yake. Mama akapaka chokaa. Likaandikwa tena.

Tume ya uchunguzi ilikuwa ikae kesho yake, Alhamisi. Fundi alikuwa ameapa mbele ya kaburi kwamba jina la mumewe litasafishwa, la sivyo mtoto wao ataitwa mtoto wa muuaji mpaka aote mvi.

Haya, turudi kwenye kidole.

Tiki zilikuwa sita, za Jumatano sita za mwisho kabla ya ajali, kila moja na saa zake. Na hakuna mtu duniani aliyejua kuliko Fundi mahali alipokuwa Mzee Changarawe saa hizo. Alikuwa nyumbani kwa Fundi mwenyewe. Daktari alikuwa amemwamuru Fundi alale wiki zote za mwisho, asinyanyue hata ndoo, mimba isije ikatoka. Kila Jumatano mzee alibisha hodi na chupa ya chai mkononi. Alifua. Aliosha vyombo kwa kelele nyingi. Alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani na kumsimulia habari za madereva mpaka mbavu zikamuuma.

"Jumatano ndiyo siku yangu ya mapumziko," alimwambia. Fundi aliamini. Kwa nini asiamini?

Mtoto alizaliwa Jumatatu ya wiki ya sita. Jumatano mzee alikuja akampakata mjukuu wake asubuhi nzima, hakutaka kumpa mtu. Ijumaa Taratibu alikuwa akiteremka mlima kuja kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza.

"Dada, mbona umebadilika?" aliuliza karani. "Nikuletee maji?"

Fundi alifunga daftari. "Asante," alisema. "Nimeona."

*

Nyumba za wafanyakazi zimepangwa safu mbili chini ya daraja, na malori yakipita juu vikombe hutikisika rafuni. Fundi alifika mtoto akiwa mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Alimkuta baba yake ameketi kizingitini anashona glavu iliyochanika, vibaya, kwa uzi mnene. Siku nyingine angemnyang'anya amshonee mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa miguu jua lote hili na mtoto? Ingia basi."

Aliingia. Hakukaa.

"Baba, siku yako ya mapumziko ni ipi?"

Sindano ilisimama. Mzee aliitazama glavu kwa muda, kana kwamba jibu limeshonewa humo.

"Jumapili," alisema.

Basi. Neno moja tu, na Fundi akajua kwamba hatapata bahati ya kuambiwa amekosea. Akakaa kitandani bila kupenda. Kwa wiki tano alikuwa amemtafuta mtu wa kumchukia. Alimtafuta kwa fundi wa breki, kwa mwenye lori, kwa mainjinia wenye kofia nyeupe. Usiku alimtengenezea sura, akampa masharubu na tumbo. Sasa mtu mwenyewe alikuwa hapa, na uzi umemng'ang'ania kidoleni.

"Wiki ya kwanza niliona haina neno," alisema mzee. "Changarawe haigandi kwa wiki moja. Nikasema nitapindua Alhamisi. Alhamisi mawe yakaporomoka mdomoni mwa handaki, tukaitwa wote. Wiki ya pili nikasema hivyohivyo. Halafu mvua zikaanza."

"Na tiki?"

"Nilienda kwa Bwana Kofia kuomba ruhusa." Bwana Kofia, msomaji, ni msimamizi wa mteremko, mtu ambaye hukagua daftari kwa makini sana na hajawahi kuikanyaga changarawe yenyewe. "Akaniambia hana mtu wa kunishikia trekta, na daftari lisiwe na pengo. Hakuniambia nidanganye. Alisema tu daftari lisiwe na pengo. Nikaliziba."

"Baba, mimi sikukuita." Sauti ya Fundi ilipanda. "Nilikuwa na majirani. Nilikuwa na mama mkwe. Nani alikutuma uache kazi uje kunioshea vikombe?"

Mzee alikata uzi kwa meno.

"Nani?"

"Mumeo."

Lori zito lilipita juu. Vikombe vikagongana, vikatulia.

"Alinipigia simu," mzee aliendelea polepole, kwa aibu, kama anayefichua siri ya mtu. "Akasema, baba, Jumatano zote niko ng'ambo ya mlima, na siku hiyo mama naye yuko kliniki na miguu yake. Mke wangu atabaki peke yake. Sina mwingine wa kumwomba. Nikamwambia usijali, Jumatano mimi huwa sina kazi."

"Hakujua?"

"Hakujua. Ningemwambia asingeomba."

Fundi alifumba macho. Alitaka kupiga kelele, akaona hajui ampigie nani.

"Mwanangu, nisikilize," alisema mzee. "Hii barabara nimeichimba mimi. Mwaka ule mama yako alipokuwa na uchungu wa mdogo wako, sisi tulikuwa ndani ya handaki la pili. Mtu alitumwa kuniita. Nyapara akasema hakuna kutoka mpaka zamu iishe. Nikatii. Nilikuwa mtu wa kutii. Nilipotoka nikakuta wamekwisha kumfunika, na mtoto pembeni yake. Wewe ulikuwa na miaka tisa, jirani anakusuka nywele uwani usije ukaingia ndani. Unakumbuka?"

Fundi alikumbuka. Alikumbuka jinsi yule jirani alivyosuka, akafumua, akasuka tena.

"Kwa hiyo nilipoitwa mara ya pili nilikwenda," alisema mzee. "Ndiyo habari yote. Mara ya kwanza nilibaki kazini nikazika. Mara ya pili niliacha kazi, nikazika tena. Sijui Mungu alitaka nifanye nini."

Alilia bila sauti, mabega tu yakicheza. Fundi hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ile ya majeneza mawili.

"Wiki tano, baba. Umekula msibani kwangu. Umebeba jeneza lake."

"Nimekwenda ofisini mara tatu nikaishia mlangoni. Jela siiogopi. Niliogopa siku utakayoniuliza." Alijifuta uso kwa glavu. "Sasa umeshauliza. Kesho nitasema yote."

Akainama akavuta mfuko kutoka uvunguni. Ulikuwa umefungwa tayari. Ndani mlikuwa na blanketi, kipande cha sabuni, mswaki, dawa zake za presha na picha ya mjukuu, iliyopigwa mtoto akiwa na siku mbili. Mfuko ule ulikuwa na vumbi juu yake. Alikuwa ameufunga siku nyingi.

Hapo ndipo Fundi aliposhindwa. Alikuwa amejikaza kisabuni tangu ofisini, lakini dawa za presha zilimmaliza. Mzee yule alikuwa amehesabu vidonge vya kwenda navyo gerezani.

"Usiseme," alisema.

"Nini?"

"Kesho usiseme kitu. Daftari limesema, liache lisimame hivyo. Wewe kaa kimya."

"Na mumeo je?"

"Mume wangu amekwisha kufa, baba. Wakimtukana hasikii. Wewe bado unasikia."

Maneno yale yalimtoka yakamwogopesha mwenyewe. Usimhukumu haraka, msomaji. Mimi na wewe hatujawahi kupewa watu wawili tuchague mmoja, na mmoja wao akiwa tayari yuko ardhini.

Mzee hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, "Mtoto analia, mnyonyeshe," na kweli mtoto alikuwa akilia, sijui tangu saa ngapi.

*

Njia ya kurudi ilipita kwa mama mkwe. Fundi alitamani kuzunguka, lakini mama alikwisha kumwona.

Alikuwa juu ya kiti, brashi mkononi, anapaka chokaa. Mara ya nne hiyo. Herufi nyekundu zilionekana kwa chini, hafifu, chokaa ikiwa bado mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie kiti, miguu yangu unaijua." Alipaka mipigo miwili, akasita. "Jana nimekwenda sokoni. Mama yao wale watoto wawili alikuwa pale. Nilimsalimia. Akageuza uso. Simlaumu. Na mimi ningegeuza."

"Pole, mama."

"Kesho yataisha, si ndiyo? Wewe ulisema umepata njia ya kuliona hilo daftari. Umeona nini?"

Fundi alishika kiti kwa mikono miwili. "Bado wanaangalia, mama."

"Watamsafisha?"

"Ndiyo, mama. Watamsafisha."

Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kuridhika, akachovya brashi. Fundi alibaki pale ameshika kiti mpaka ukuta wote ukawa mweupe, na kila mpigo wa brashi ulimkata maini.

*

Saa tatu asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele, nyuma ya meza ndefu, waliketi wajumbe watano wa tume na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, asiyependa kurudia swali. Kulia waliketi wazazi wa wale ndugu wawili. Kushoto mama mkwe, na kando yake Fundi na mtoto mgongoni. Mzee Changarawe alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mfuko wake kati ya miguu. Fundi aliuona ule mfuko. Hakuwa ameahidi kitu, mzee yule.

Bwana Kofia alikuwa shahidi wa kwanza. Alivaa tai. Alifungua daftari, akasoma Jumatano baada ya Jumatano, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe aliyefaulu.

"Kwa hiyo kitanda kilikuwa sawasawa?" aliuliza mwenyekiti.

"Kilikuwa sawasawa, mheshimiwa. Kimejengwa kulisimamisha lori lililo kwenye kilomita mia na ishirini kwa saa. Kama lori lilipita juu yake, basi dereva alikuwa kwenye mwendo wa kupaa. Na mtu mwenye akili zake haendi hivyo mlimani. Nafikiri tunaelewana."

Minong'ono ikazagaa. Baba wa wale ndugu wawili aliinamisha kichwa. Mama mkwe alimshika Fundi mkono, akamnong'oneza, "Sema kitu. Ulisema utasema."

Fundi alijifanya anarekebisha mbeleko.

"Kuna shahidi mwingine?" aliuliza mwenyekiti, tayari anafunga jalada.

"Nipo."

Watu waligeuka. Alikuwa karani wa zamu, yule dada wa kabati, amesimama katikati ya ukumbi na kisanduku kidogo cha kinasa sauti.

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio siku ile," alisema. "Dereva alizungumza nami. Mazungumzo hujirekodi yenyewe. Niliambiwa nifute, kwa sababu mambo yalikuwa wazi. Sikufuta. Jana nilimwonyesha mjane daftari, nikauona uso wake. Tangu hapo sina amani."

"Nani alikwambia ufute?"

Karani hakutaja mtu. Alimtazama tu Bwana Kofia, na Bwana Kofia akaanza kuilegeza tai.

Kinasa kiliwekwa mezani. Kwanza ulisikika mkwaruzo, halafu muungurumo wa injini. Halafu, katika ukumbi ule wenye watu mia mbili, Taratibu alizungumza.

"Kituo, kituo, hapa Taratibu. Breki zimegoma. Niko kwenye sabini, gia inanisaidia kidogo."

Mama mkwe alitoa sauti ndogo kooni. Wiki tano hakuwa ameisikia sauti ya mwanawe.

"Taratibu, tunakusikia," ilijibu sauti ya karani. "Kitanda kiko mbele yako, chini ya kilomita moja."

"Nakiona. Msihangaike." Alikuwa mtulivu kama mtu anayeegesha gari nyumbani kwake. "Naingia kwa mkwe. Kwa mkwe mimi nalala salama."

Mlio wa honi, mara mbili. Sauti ya mawe madogo yakigonga bati. Kisha sauti yake tena, na sasa imebadilika, si ya hofu bali ya mtu asiyeelewa.

"Mbona haishiki? Baba, mbona haishiki?"

Kinasa kilikwaruza, kikazimika.

Mwenyekiti alivua miwani yake, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Sabini," alisema. "Bwana msimamizi, umetuambia kitanda kinasimamisha mia na ishirini." Bwana Kofia alilifunga daftari. "Basi changarawe haikupinduliwa. Na huyu dereva hakuwa na kosa." Aligeukia ukumbi. "Huyo anayemwita mkwe ni nani?"

Kwenye benchi la mwisho mzee alisimama. Alikuwa ameshika mfuko wake kifuani.

"Ni mimi," alisema. "Alikuwa mume wa binti yangu. Changarawe sikuipindua. Wiki sita."

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti aligonga meza mara nne kabla hawajanyamaza.

"Ulikuwa wapi hizo Jumatano?"

Mzee hakumtazama binti yake. Alitazama dirisha.

"Nilikuwa nalala."

"Zote sita?"

"Zote. Jumanne nilikuwa nakunywa. Jumatano naamka mchana. Siku ya pili naweka tiki."

Mtu mmoja alitema mate sakafuni. Mwingine akasema mzee kama huyu angepigwa mawe. Na Fundi, aliyejua kwamba baba yake hajawahi kuonja hata tone, aligutuka kana kwamba amemwagiwa maji baridi. Alimwelewa mara moja. Mzee angesema ukweli, kila jicho mle ndani lingemgeukia mke, yule aliyeuguzwa kwa saa za changarawe mpaka changarawe ikamuua mumewe. Na jicho la kwanza lingekuwa la huyu mama aliyeketi hapa anamshika mkono.

Angalia mahali alipofikishwa, msomaji. Alichokitaka alikuwa amekipata. Jina la Taratibu lilikuwa safi, mwenyekiti amesema mbele ya watu mia mbili na waandishi wa habari. Yeye mwenyewe hana doa. Kilichotakiwa ni akae tu, anyamaze, baba yake achukuliwe kama mlevi aliyelala huku mkwe wake anamwita. Hata baba mwenyewe alikuwa akimwomba hivyo, kwa namna alivyong'ang'ania kutazama dirisha.

Askari wawili walikwisha kumfikia mzee.

Fundi alisimama.

"Mheshimiwa," alisema, "baba yangu hanywi."

"Kaa chini, mwanangu," mzee alisema haraka. "Mheshimiwa, huyu amefiwa, hajui anachosema."

"Hanywi na hakulala. Jumatano zote sita alikuwa kwangu, toka saa mbili mpaka saa sita. Mimba ya mtoto huyu ilinilaza kitandani. Alikuwa akinifulia nguo. Alinidanganya kwamba hana kazi siku hiyo, na nyie akawadanganya kwamba kazi ameifanya. Mwongo ni mwongo, mfungeni. Lakini msimfunge kwa ulevi."

Mkono wa mama mkwe uliokuwa umeshika wa Fundi ulilegea, ukaanguka.

Mwenyekiti aliandika kitu. Kisha akainua macho, na kwa sauti yake ileile ya chini akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Nani alimwita?"

Fundi hakuwa amejiandaa kwa hilo. Jibu la kweli lilikuwa tayari mdomoni. Alimwona mama mkwe amemgeukia, mdomo wazi, chokaa ya jana bado nyeupe kwenye kucha zake. Mwanawe ametakaswa dakika tano tu zilizopita. Dakika tano tu amekuwa mama wa mtu asiye na kosa. Na sasa aambiwe kwamba aliyeita, aliyeomba, aliyemtoa mzee kwenye changarawe, alikuwa mwanawe huyohuyo?

Mzee Changarawe aliacha kutazama dirisha. Alimtazama binti yake, akatikisa kichwa taratibu, mara moja, kumkataza.

"Mimi," alisema Fundi. "Mimi ndiye niliyemwita."

Mwenyekiti aliandika na hilo. Kalamu yake ilisikika mpaka nyuma.

Mama mkwe alisimama. Ilimchukua muda, kwa ile miguu yake. Watu walimpisha, ingawa hakuwa akienda mbali. Alimgeukia Fundi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto wa mwanangu," alisema.

Hakupaza sauti. Yawezekana alikuwa akimnyang'anya; yawezekana alitaka kumpumzisha mzigo tu, mwanamke aliyesimama muda mrefu. Fundi alimtazama machoni atafute ni lipi kati ya mawili, na hakuona kitu. Kule nyuma askari walikuwa wakimwambia baba yake avue mkanda. Mikono ya mama mkwe ilibaki imenyooshwa, haitetemeki, inasubiri, na Fundi akapeleka vidole kifuani kwenye fundo la mbeleko, akaanza kulifungua.